Televisheni na Jeuri ya Vijana: Ni Nani Ameketi Nao?



Hivi karibuni tulitembelea kikundi kimoja cha kujisaidia siku ya mkutano wao. Michango ilikuwa imekwisha kuhesabiwa, mweka hazina alikuwa amefunga kitabu chake, na chai ilikuwa inachemka. Katibu akasoma jambo la mwisho. Kulikuwa na pendekezo kwamba kikundi kinunue televisheni kubwa na sola, viwekwe katika nyumba ya kikundi pale sokoni, na vijana walipe shilingi 20 kila mmoja ili watazame mpira na picha za kivita. Hesabu ilikuwa nzuri. Vijana 40 kwa jioni moja ni shilingi 800.

Mama mmoja akasimama. "Mimi nakataa," akasema. "Mwezi uliopita kijana wangu wa miaka 14 alimwinua mdogo wake juu na kumbwaga chini, ati ni mieleka waliyoona kwa televisheni ya jirani. Mtoto alivunjika mfupa wa bega. Nilipomwuliza huyu mkubwa alikuwa anafikiria nini, alilia akasema, 'Mama, kule kwa televisheni huyo mtu huwa anasimama tena.'"

Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Pole sana, mama. Lakini hata sisi tulitazama sinema. Gari la sinema lilipokuja sokoni, tulitazama watu wa kofia kubwa na farasi wakipigana risasi mpaka usiku. Ni nani kati yetu aliyekwenda kuua mtu? Televisheni haina makosa. Tatizo ni malezi ya siku hizi."

Watu walicheka kidogo, halafu wakanyamaza. Uamuzi uliahirishwa, na wakatuomba tuwaandikie yale ambayo wataalamu wamegundua. Makala haya ni jibu letu kwao, na kwa vikundi vingine ambavyo vina swali kama hilo.

JE, MTOTO HUJIFUNZA KWA KUTAZAMA TU?

Sisi wakulima tunajua jibu. Hakuna mtu aliyeandikiwa kitabu cha kushika jembe. Mtoto alimtazama mama yake shambani, na siku moja akashika jembe mwenyewe.

Mwaka 1961, mtaalamu mmoja wa saikolojia katika chuo kikuu cha Stanford kule Marekani, Albert Bandura, alitaka kujua kama jeuri pia hufunzwa hivyo. Yeye na wenzake walichukua watoto wadogo 72. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa, akimgonga kwa nyundo ya mti na kumrusha huku na huku. Wengine walimwona mtu mzima akicheza kwa utulivu, na wengine hawakuonyeshwa mtu yeyote. Baadaye watoto waliingizwa chumbani kulikokuwa na yule mwanasesere. Wale walioona mapigo waliyarudia, hata kwa maneno yale yale aliyotamka mtu mzima.

Mwaka 1963 walifanya jaribio lingine, safari hii kwa kutumia filamu. Matokeo yalikuwa karibu sawa. Mtoto aliyeona mapigo katika filamu aliyaiga kama yule aliyeyaona kwa macho yake chumbani.

Jaribio la tatu, la mwaka 1965, ndilo linalofaa kutushtua sisi wazazi. Watoto wengine walionyeshwa filamu ambamo yule mpigaji aliadhibiwa. Hao hawakuiga sana. Ungedhani hawakujifunza kitu. Lakini watoto walipoahidiwa zawadi kama wangeonyesha waliyoyaona, wakayaonyesha, hata wale walioona mpigaji akiadhibiwa. Kumbe somo lilikuwa limeingia kichwani kitambo, likingoja tu siku yake.

Hiyo ndiyo maana hatuwezi kusema, "Mtoto wangu ametazama na hajafanya kitu, basi hakuna neno." Mbegu inaweza kukaa chini ya udongo mpaka mvua inyeshe.

JE, MAMBO HAYA HUISHA MTOTO AKIKUA?

Labda utasema hao walikuwa watoto wachanga na mwanasesere wa hewa. Vijana wetu wa shule ya upili je?

Mwaka 1960 mtaalamu Leonard Eron na wenzake walianza kuwachunguza watoto zaidi ya 800 wa umri wa miaka 8 hivi, katika wilaya moja ya mashambani katika jimbo la New York. Waliuliza ni vipindi gani watoto hao walipenda, na pia waliwauliza wenzao darasani ni nani mgomvi. Miaka 10 baadaye waliwarudia baadhi yao. Waligundua kwamba wavulana waliopenda vipindi vya mapigano walipokuwa na miaka 8 walielekea kuwa wagomvi zaidi walipofika karibu miaka 19.

Utafiti mwingine ulitangazwa mwaka 2002 na mtaalamu Jeffrey Johnson. Yeye na wenzake walikuwa wamezifuata familia 707 za jimbo hilo hilo kwa muda wa miaka 17. Waliwatazama hasa vijana wa miaka 14. Kati ya wale waliotazama televisheni chini ya saa moja kwa siku, karibu 6 katika kila 100 walikuja kufanya kitendo cha jeuri baadaye, kama vile kumpiga na kumwumiza mtu. Kati ya wale waliotazama saa 3 au zaidi kwa siku, walikuwa karibu 29 katika kila 100. Watafiti walikumbuka pia kupima umaskini wa nyumba, elimu ya wazazi, ujeuri wa mtaa na watoto waliotelekezwa. Hata baada ya kuondoa mambo hayo katika hesabu, tofauti bado ilionekana.

Lakini tusome vizuri. Hata katika lile kundi la saa 3, wengi, yaani 71 katika kila 100, hawakuonekana na kitendo kama hicho. Kwa hivyo mzee wetu wa gari la sinema hakusema uongo. Wengi hutazama na hawaumizi mtu. Lakini mama naye hakusema uongo, maanake hatari inaongezeka. Ni kama kunywa maji ya mtoni bila kuchemsha. Si kila mtu atakayeugua, lakini hakuna mama mwenye busara atakayempa mtoto wake maji hayo kwa sababu jirani alikunywa na hakuharisha.

Tena kuna tofauti ya wingi. Gari la sinema lilikuja mara chache kwa mwaka, na kijiji kizima kiliketi pamoja, wazee na watoto. Leo picha ziko kila jioni, na ziko hata ndani ya simu mfukoni, ambapo kijana hutazama peke yake chini ya blanketi.

SI KILA PICHA NI SAWA

Kati ya mwaka 1994 na 1997 watafiti wa vyuo vikuu kadhaa vya Marekani walitazama maelfu ya vipindi vya televisheni ya nchi yao. Karibu vipindi 6 katika kila 10 vilikuwa na mapigano ya aina fulani. Lakini jambo kubwa halikuwa idadi. Jambo kubwa lilikuwa jinsi mapigano yalivyoonyeshwa. Katika matukio karibu robo tatu, mwenye kupiga hakuadhibiwa hapo hapo. Vipindi 4 tu katika kila 100 vyenye mapigano ndivyo vilivyokuwa na somo la wazi la kupinga jeuri.

Vipindi vingi tunavyoviona hapa kwetu vinatoka huko huko, na vingine vinatoka China, India na Ufilipino. Basi unapotazama picha pamoja na kijana wako, jiulize mambo haya manne:

1. Ni nani anayepiga? Kama ni yule "staringi," mtu mzuri, mrembo na jasiri, kijana atataka kuwa kama yeye. Mwizi akipiga, somo ni dogo. Shujaa akipiga, somo ni kubwa.

2. Je, anaadhibiwa? Kama anaua watu 30 na mwisho anapigiwa makofi, kijana anafunzwa kwamba jeuri inalipa.

3. Je, maumivu yanaonekana? Mtu anarushwa kutoka ghorofani, anajipangusa vumbi na kukimbia. Hakuna hospitali, hakuna deni la dawa, hakuna mjane wala mayatima.

4. Je, watu wanacheka? Zile picha ambazo msimulizi anazitafsiri kwa Kiswahili cha mtaani zinafurahisha sana. Lakini mtu akivunjwa shingo na ukumbi mzima ukacheka, moyo wa kijana unazoea polepole kwamba maumivu ya mtu ni kichekesho.

Mieleka ndiyo mfano mzuri. Wale wapiganaji wa televisheni wamezoezwa kwa miaka. Mshindi huwa amepangwa kabla. Jukwaa lao lina mbao zinazobonyea na godoro jembamba juu yake, na anayeanguka amefunzwa jinsi ya kuanguka. Hayo yote hayaonekani kwa kioo. Mtoto wa mama yule aliangushwa juu ya ardhi ngumu ya uani. Ndiyo sababu hakusimama tena.

Mbali na kuiga, wataalamu wanataja madhara mengine mawili. La kwanza ni moyo kufa ganzi, kijana aone damu na asishtuke wala kukimbia kusaidia. La pili ni woga. Mtu anayetazama mauaji kila jioni huanza kuamini kwamba dunia yote ni wauaji, na mwenye woga mwingi huwa mwepesi wa kushika panga.

MJI MMOJA NA KISIWA KIMOJA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa kila kikundi likumbuke, hata mkisahau mengine yote.

Kule Kanada, katika jimbo la British Columbia, kulikuwa na mji mdogo uliokuwa katika bonde. Kwa ajili ya milima, mawimbi ya televisheni hayakuufikia mpaka mwaka 1973. Watafiti wakiongozwa na Tannis MacBeth Williams waliwapima watoto kabla televisheni haijafika, na tena miaka 2 baadaye. Walichunguza pia miji miwili ya jirani iliyokuwa na televisheni tayari. Katika ule mji wa bondeni, kupigana na kutukanana kwa watoto uwanjani kuliongezeka. Tena watu walipunguza kwenda kwenye michezo na shughuli za pamoja za mji. Kila mtu alibaki nyumbani kwake mbele ya kioo.

Sasa tazameni upande wa pili. Katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Afrika, kuna kisiwa kinachoitwa Saint Helena, kilicho chini ya Uingereza. Ni kisiwa cha watu wachache. Televisheni ilifika huko mwaka 1995. Mtaalamu Tony Charlton na wenzake walikuwa wamewapiga picha za video watoto wakicheza katika viwanja vya shule kabla ya televisheni kufika, na wakawapiga tena miaka kadhaa baadaye. Wengi walitarajia kuona kama yale ya Kanada. Haikuwa hivyo! Watoto wa Saint Helena hawakuwa wagomvi zaidi. Mwenendo wao ulibaki mwema kama zamani.

Kwa nini? Watafiti wenyewe walitoa sababu. Katika kisiwa kile watu wanajuana. Mtoto akikosea barabarani, atakayemwona anamjua mama yake, na habari itafika nyumbani kabla yake. Wazazi, walimu na majirani waliendelea kuwatazama watoto kwa karibu. Televisheni iliingia, lakini haikumtoa mtu mzima katika nafasi yake.

Je, hiyo si desturi yetu sisi? Zamani mtoto alikuwa wa kijiji kizima. Mzee yeyote angeweza kumwuliza, "Wewe ni wa nani, na mbona huko shule?" Kama tumeiacha desturi hiyo, televisheni imekuta nyumba haina mlango. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na siku hizi ulimwengu umeingia sebuleni.

TUSIISINGIZIE TELEVISHENI KILA KITU

Ni lazima tuseme kweli. Wataalamu bado wanabishana juu ya ukubwa wa madhara ya televisheni, na hakuna anayesema kwamba ndiyo sababu ya pekee ya ujeuri. Kijana anayemwona baba akimpiga mama kila mwisho wa mwezi anafunzwa na mwalimu mkali kuliko picha yoyote. Pombe haramu, bangi, kukosa kazi na kukosa karo vinachangia pia. Tukizima televisheni na kuacha ngumi nyumbani, tumefagia uani na kuacha taka chini ya kitanda.

Tena televisheni ina mema yake. Kuna vipindi vya kilimo, afya na habari, na kuna mpira ambao unawakutanisha vijana kwa furaha. Swali letu si kama ni nzuri au ni mbaya. Swali ni nani anaamua kinachoonekana, na nani ameketi pamoja na watoto.

BASI TUFANYE NINI?

Nyumbani:

1. Pungueni saa za kutazama. Katika mji wa San Jose kule Marekani, wanafunzi wa shule moja ya msingi walifunzwa kwa miezi 6 jinsi ya kupunguza. Walianza kwa kuzima televisheni siku 10 kabisa, halafu wakajiwekea kipimo cha saa 7 kwa wiki. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba ugomvi wao ulipungua wakilinganishwa na wanafunzi wa shule nyingine. 

2. Keti na kijana wako, ongea naye. Usimgombeze tu. Mwulize, "Huyu akipigwa hivi kwa kweli, atafika hospitali gani? Nani atamlipia?" Watafiti waliwahi kuwasaidia watoto waeleze wenyewe kwa maneno yao jinsi mapigano ya televisheni yasivyo ya kweli, na ugomvi wa watoto hao ulipungua. Maneno yanayotoka kinywani mwa kijana mwenyewe yana nguvu kuliko hotuba ya baba.

3. Fuateni saa. Kwa kanuni za utangazaji hapa Kenya, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku ni wakati ambapo vituo vinatakiwa kuonyesha vipindi vinavyofaa familia nzima. Baada ya saa 4 usiku, watoto wawe wamelala.

4. Msisahau simu. Sheria ya televisheni bila sheria ya simu ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Katika kikundi na kijiji:

1. Kama mna televisheni ya kulipisha, au mnataka kuianzisha, fuateni sheria. Filamu zinazoonyeshwa kwa umma zinatakiwa ziwe zimeainishwa na bodi ya filamu nchini (KFCB), na mwonyeshaji awe na leseni. Alama ya GE ni ya watu wote. PG ni kwa mtoto akiongozwa na mzazi. Alama 16 na 18 zinaonyesha umri. Mtoto wa miaka 12 asiingizwe kutazama picha ya 18 kwa sababu ana shilingi 20.

2. Ongeeni na wenye vibanda vya video sokoni kwa heshima, kama majirani. Wengi wao ni vijana wetu wanaotafuta riziki.

3. Wapeni vijana kitu kingine cha kufanya jioni: mpira, kwaya, mchezo wa kuigiza, ufugaji wa sungura au kuku. Kijana asiye na kazi ya jioni atatafuta kioo.

NA KILE KIKUNDI JE?

Tuliporudi kwao na habari hizi, mazungumzo yalichukua saa mbili nzima. Mzee wa gari la sinema alisema jambo lililotugusa: "Kweli, sisi tulitazama, lakini baba zetu walikuwa wamesimama nyuma yetu." Yule mama akauliza, "Basi, hapa kwetu ni nani atakuwa ameketi kule nyuma?"

Hapo ndipo uamuzi ulipopatikana. Walikubaliana kununua televisheni, lakini kwa masharti. Leseni kwanza. Mpira, habari na picha zilizochaguliwa na kamati, na vijana wawili wawemo katika kamati hiyo. Siku za shule, mwisho saa 1 jioni. Kila jioni wanachama wawili wazima wawe ndani, kwa zamu, na majina yao yaandikwe katika kitabu cha mweka hazina pamoja na pesa. Mapato yatakuwa madogo kuliko zile shilingi 800. Walijua hivyo, na wakapiga kura wakijua.

Jina la kwanza katika zamu ni la mama yule. La pili ni la mzee.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Vijana wetu hutazama wapi, saa ngapi, na pamoja na nani? Je, tunajua kweli au tunakisia?

2. Katika wiki iliyopita, ni mchezo au tusi gani la televisheni tulilowaona watoto wakiiga?

3. Je, kijiji chetu leo kinafanana zaidi na ule mji wa Kanada au na kile kisiwa cha Saint Helena? Kwa nini?

4. Ni jeuri gani ambayo vijana wanaiona majumbani mwetu wenyewe, bila televisheni?

5. Ni jambo gani moja ambalo kila mwanachama ataanza nalo jioni ya leo?

Samaki mkunje angali mbichi. Tunawatakia mazungumzo mema.